Vigoda Vinne kutoka Kalima

Kindu, 4 Machi 2024

Shangazi Adèle,

Nakusalimu kutoka mtaa wetu wa Kasuku, ambako mvua imenyesha siku tatu mfululizo na sisi sote tuko wazima. Baba amepona kikohozi, amerudi barazani kutengeneza redio. Siku hizi watu wanamletea simu, naye anawafukuza. Mwanangu Bénie yuko mwaka wa sita wa shule ya msingi na ananifikia begani. Anauliza kama ile mbuzi yako bado inakula nguo.

Nakuandikia kwa sababu masikio yako na simu hayapatani tangu ile kwinini ya wakati wa vita. Tena habari hii nataka uisome mara mbili: nimepewa jengo la wanawake hospitalini. Jengo lako! Tangu tarehe mosi Februari mimi ndiye muuguzi mkuu. Vitanda ishirini na nane, wauguzi tisa.

Nimeanza jambo jipya. Zamani wauguzi wa usiku walikuwa wakiwakabidhi wenzao wa asubuhi kazi ofisini, mlango umefungwa. Sasa tunafanya hivyo kitandani, saa moja asubuhi, mbele ya mgonjwa. Fishi, ile karatasi ya matibabu, haikai tena kabatini. Inakaa kwa mgonjwa mwenyewe, na asiyejua kusoma tunamsomea. Kisha tunamuuliza: una swali? Nimewaambia wauguzi kwamba mgonjwa ni mtu wa kumi wa timu yetu. Daktari Anaclet, mkurugenzi wetu, amesikiliza, amekuna kidevu, amesema: "Nakupa mpaka tarehe thelathini na moja Julai. Nikiona ni kupoteza wakati, fishi zinarudi kabatini."

Nimehesabu wiki tatu. Vitanda ishirini na nane, kila asubuhi. Unajua nimepata maswali mangapi? Sifuri. Wote wanajibu: "Hapana, mama. Aksanti, mama." Hata mmoja aliyekuwa na chupa tupu ya serumu ya mshipani tangu alfajiri alinijibu: aksanti, mama. Nina hamu na kazi hii kiasi cha kuamka kabla ya jogoo, lakini sielewi ninapokosea. Wewe uliongoza jengo hili miaka tisa. Nisaidie.

Barua hii inaletwa na Jacques wa pikipiki. Anasema kiatu chako cha kushoto umekikata kwa mbele kwa kisu. Kwa nini? Mguu unasemaje?

Mtoto wa kaka yako,
Joëlle


Kalima, 19 Machi 2024

Joëlle mwanangu,

Barua yako imefika ikiwa imeloa pembe moja, lakini maneno yote yanasomeka. Hapa tunavuna karanga. Vijana wote wako kwenye mashimo ya madini ya kasiterite, kwa hiyo wanaovuna ni wazee. Mbuzi imekula shati la katekista, mwambie Bénie. Mwambie na kaka Célestin kwamba simu pia ni redio, aache kiburi.

Nimesoma habari ya jengo mara tatu, si mbili. Nilitoka nje nikamwambia jirani, kisha nikamwambia tena kwa sababu sikusikia alichojibu. Hongera.

Sasa kosa lako. Mnasimama wangapi kitandani kwa mgonjwa? Wauguzi wawili wanaotoka, wawili wanaoingia, na wewe. Watu watano wenye makoti meupe wamesimama juu ya mtu mmoja aliyelala, wanamuuliza ana swali gani. Hata mimi ningejibu aksanti. Hapa kwetu anayesimama juu yako akikuuliza ni askari.

Fikiria mgeni akifika nyumbani. Anapewa kiti, anapewa maji. Mwenyeji anakaa. Ndipo anaambiwa: tupe habari. Na mgeni anatoa habari tangu alipotoka mlangoni kwake, mto gani ulijaa, nani alikuwa mgonjwa njiani, na hakuna anayemkatiza mpaka amalize. Kila mwanamke wa jengo lako anajua kufanya hivyo tangu utoto. Swali hajui, kwa sababu shuleni aliyeuliza swali alichapwa. Habari anajua.

Kwa hiyo: mmoja tu ndiye anayekuja kitandani, wengine wakae mbali kidogo. Anakaa, kichwa chake kisiwe juu ya kichwa cha mgonjwa. Hasemi "una swali". Anasema: "Mama, tupe habari ya usiku." Kisha anafunga mdomo. Kufunga mdomo ndiko kugumu. Wape mazoezi.

Nakutumia vigoda vinne vya mti mgumu, vya fundi wa hapa. Jacques amelalamika, lakini amevifunga.

Mguu uko mahali pake.

Shangazi yako,
Adèle


Kindu, 8 Aprili 2024

Shangazi,

Pokea salamu za wote, na za Jacques pia, ambaye anasema vigoda vilimpiga mgongoni kutoka Kalima mpaka kivukoni. Kimoja kilivunjika mguu, baba amekitengeneza kwa waya wa redio. Mpunga wetu umeiva. Bénie anadai picha ya katekista.

Shangazi, inafanya kazi! Inafanya kazi!

Siku ya kwanza wauguzi walikataa kukaa. Mike, kijana wangu mwenye bidii kuliko wote, alikishika kigoda kama mtu aliyekamatwa nacho. "Chefu, mama yangu akipita hapa akiniona nimekaa, atasema nalalaka kwa kazi." Nikamwambia: "Mama yako akipita, mpe kigoda na yeye." Wakacheka, akakaa. Na nani akaingia? Daktari Anaclet. Akaona wauguzi wanne wamekaa kwenye vigoda saa moja na robo asubuhi. "Tumefungua baa?" Nikamjibu: "Bado, daktari. Tunasikiliza habari." Akaondoka.

Kitanda cha kumi na moja alikuwapo Fifi, mwuza samaki, analeta samaki kutoka Lokandu. Homa ya siku tisa, haishuki. Kila tulipomuuliza, mama mkwe wake ndiye aliyejibu: amekula, amelala, amemeza dawa, aksanti. Fifi alikuwa akitazama dari. Nilifanya hivi: nilimpa mama mkwe kigoda chake mwenyewe, kile cha waya, nikamwambia, "Mama, wewe ndiyo mukubwa, habari yako tutaisikia mwisho, tutaipa nafasi yote." Akaridhika. Akakaa kama chifu. Mike akamgeukia Fifi: "Tupe habari ya usiku." Akafunga mdomo. Nilihesabu kimoyomoyo mpaka arobaini na mbili.

Fifi akasema: "Usiku nilitapika. Ile dawa nyeupe ya magaribi inanitapishaka. Siku ya tatu niliacha kuimeza." Akainua mto. Chini yake kulikuwa na vidonge kumi na viwili, vimepangwa kwenye kitambaa kama vitu vya kuuza.

Mama mkwe akaruka: "Weye! Na mimi nilisema umemeza!"

"Uliniuliza, mama? Ulijibu tu."

Jengo zima likacheka, na mama mkwe mwenyewe akacheka mwishoni. Daktari akabadilisha dawa siku hiyohiyo. Siku mbili baadaye homa ilikuwa thelathini na saba na nusu. Fifi amerudi sokoni. Wiki iliyopita, kati ya wagonjwa ishirini na wanane, kumi na tisa walitoa habari. Mmoja alitoa ya dakika ishirini na tano, ikaanza kwenye harusi ya dada yake. Mike hakumkatiza, nikaona jasho linamtoka.

Sasa na mimi nimekaa kwenye kigoda. Jacques anasema siku hizi unatembea na fimbo, na kwamba alipokusaidia kupanda baraza alisikia harufu. Tupe habari ya mguu. Nimefunga mdomo.

Joëlle


Kalima, 2 Mei 2024

Joëlle mwanangu,

Usihesabu siku. Daraja lilichukuliwa na maji na Jacques alikaa kwetu juma moja na nusu, akila sombe yangu ya majani ya mihogo na kutafuta kilicho ndani ya kiatu changu. Mwambie aache upelelezi. Tumemzika mzee wa kanisa. Karanga zimekauka vizuri, gunia moja ni lenu.

Ile ya vidonge kumi na viwili nimeisimulia nyumba tatu. Watu walipiga makofi! Lakini nina maswali. Mlimuuliza Fifi kwa nini alificha, au mlimgombeza? Mkimgombeza mmoja, wengine wote watahamisha vidonge kutoka chini ya mto mpaka kwenye kaniki. Na mliandika kwenye fishi kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyesema? Mwandike kwa jina: "Fifi amesema." Mgonjwa akiona neno lake limeandikwa karibu na la daktari, kesho ataleta jingine. Huyo mama mkwe usimwache. Mwaka ujao atakuwa na mgonjwa mwingine hapo, naye tayari anajua kigoda.

Kuhusu mimi, usijisumbue. Nimekuwa muuguzi miaka ishirini na sita na kidonda nakifunga mwenyewe, asubuhi na jioni, kwa maji ya chumvi yaliyochemshwa. Kuja Kindu siji. Katika jengo lile siwezi kulala.

Shangazi yako,
Adèle


Kindu, 9 Mei 2024

Shangazi,

Sote tuko wazima. Leo nafupisha salamu, utanisamehe.

Umeandika "kidonda". Mwezi wa tatu mguu ulikuwa "mahali pake" tu. Nijibu haya: Kidonda kiko kwenye kidole gani? Tangu lini? Rangi yake ni gani pembeni? Sukari umepima lini mara ya mwisho? Unasikia maumivu, au husikii?

La mwisho ndilo linaloniogopesha. Bibi alikuwa na sukari, wewe ndiye uliyenifundisha kwamba mguu usiouma ndio unaokatwa. Usipokuja mapema tutakaa kujadili kama ni kidole au ni mguu mzima, nami sitaki kukaa kwenye mjadala huo.

Na kwa nini huwezi kulala katika jengo hili? Uliliongoza. Kuta ni zilezile, rangi tu imebadilika.

Jacques atasubiri jibu mlangoni.

Joëlle


Kalima, 16 Mei 2024

Joëlle,

Jacques amesubiri mlangoni siku mbili. Nimempa kiti.

Maswali yako matano nimeyasoma. Kabla sijayajibu, soma karatasi niliyoifunga humu. Niliiandika kwa baba yako wakati alipokimbilia huku Kalima nami nikabaki Kindu. Haikutoka mjini, hakuna mtu aliyetoka. Vita vilipoisha sikuipeleka tena. Baba yako hajui.

Adèle


Kindu, 11 Novemba 2002

Kaka Célestin,

Ukipata hii, ujue niko mzima. Mji umefungwa tangu mwezi wa saba. Mihogo haiingii. Watu wanakula majani ya viazi na wanaiba maembe mabichi. Mtoto wako Joëlle yuko nami, ana miaka kumi, anakonda lakini anacheza. Usimwambie mama yake kwamba anakonda.

Hospitalini tuko wauguzi wawili kwa wagonjwa thelathini na mmoja. Daktari aliondoka kwa ndege mwezi wa nane. Adrenalini iliisha Septemba.

Jumamosi nilikuwa na mgonjwa kitanda namba 7, Safi, mwuza unga kutoka mtaa wa Mikelenge. Nimonia. Dawa iliyobaki ilikuwa penisilini. Nilipoandaa sindano akasema: "Mama, ile inanivimbishaka." Nikamwambia wote mnaogopa sindano. Akasema tena. Nilikuwa sijalala tangu Alhamisi. Nikamuuliza: "Nani ni muuguzi hapa?" Hakusema kitu tena. Alinyoosha mkono mwenyewe.

Midomo ilivimba kwanza, kisha shingo. Dakika sita. Adrenalini ya kumwokoa sikuwa nayo.

Kwenye fishi, sababu ya kifo, nimeandika: nimonia.

Nakuandikia wewe kwa sababu sijaandika mahali pengine.

Adèle


Kindu, 20 Mei 2024

Shangazi,

Baba anakusalimu. Karatasi sikumwonyesha, ni yako.

Nimeisoma mara mbili. Sitakuambia halikuwa kosa. Ungejua kwamba nadanganya. Nakuambia nilichofanya asubuhi yake: nimeongeza mstari mmoja juu kabisa kwenye fishi zote ishirini na nane. "Dawa gani iliwahi kukudhuru?" Inaulizwa siku ya kuingia, na inaulizwa tena kabla ya kila dawa mpya. Jina la mtu sikulitaja. Siku ya kwanza tu wanawake watatu walijibu. Watatu, shangazi! Mmoja wao alisema ni penisilini, na alikuwa ameandikiwa penisilini. Ilikuwa haijachomwa. Ana watoto wanne, anakula wali sasa hivi ninapoandika.

Kwa hiyo kuta unazoziogopa zinafanya kazi yako. Sasa maswali yangu matano. Husemi, basi njoo uyajibu kwa mdomo. Jacques atakuchukua Jumamosi tarehe ishirini na tano. Amefunga godoro kwenye kiti cha nyuma.

Jambo moja baya: Ijumaa, siku moja kabla, natumwa Lokandu, wiki nne, kusimamia chanjo. Nimeomba nibadilishwe, wamekataa. Hutanikuta. Utamkuta Mike na kigoda. Mchezee utakavyo, lakini mpe habari.

Tafadhali.

Joëlle


Kindu, kitanda namba 7, 3 Juni 2024

Joëlle mwanangu,

Nakuandikia nikiwa nimelala, usicheke mwandiko. Baba yako huja kila jioni na wali, na Bénie ameniletea redio ambayo siisikii. Godoro la Jacques lilikuwa la watoto, mgongo wangu ndio uliosafiri.

Kitanda kilichokuwa wazi ni namba 7. Sikuomba kingine.

Nitakuandikia yote kwa mpangilio, kama mgeni.

Asubuhi ya kwanza Mike alikaa akauliza habari ya usiku. Nikamjibu: "Hakuna shida, mwanangu." Asubuhi ya pili: "Hakuna shida." Ya tatu hivyohivyo. Mimi, niliyekufundisha kutoka Kalima! Aliuliza na swali lako la juu ya fishi, dawa iliyodhuru. Nikasema hakuna. Mwanangu, ukilala hapa unakuwa mdogo ghafla. Koti jeupe linapita nawe unaona haya kwa sababu mguu wako unanuka. Hilo sikulijua miaka ishirini na sita. Liandike mahali.

Kitanda namba 8 yuko Odile, wa mtaa wa Alunguli, amepasuliwa ngiri, mdomo haujapasuliwa. Asubuhi ya nne Mike alipoinuka, Odile akapaza sauti hata mimi nikasikia:

"Mike, rudi! Huyu mama anakucheza! Jana nzi tatu zilikaa kwa kidole yake, zikatembea, hakusikia kitu. Mimi nasikiaka nzi ya kwa ukuta!"

Nilimgeukia. Nikamwambia: "Nani ni muuguzi hapa?"

Joëlle, ni neno lilelile, kitanda kilekile. Odile akafunga mdomo. Niliona uso wake ukijifunga, nami nilikwisha kuuona uso huo.

Nikamwambia, "Odile, samahani. Endelea. Umeona kweli." Kisha nikamwambia Mike arudishe kigoda.

Nikampa habari. Vidole viwili vya mwisho, mguu wa kushoto. Tangu Januari, kwa mwiba wa mchikichi. Pembeni ni vyeusi. Sukari sikupima tangu mwaka jana kwa sababu niliogopa namba. Sisikii kitu. Akaandika yote: "Adèle amesema." Sukari ilikuwa mia tatu themanini na tisa. Umepata majibu yako matano.

Daktari Anaclet alikuja mchana. Alitazama akiwa amesimama. Akasema ni kukata chini ya goti, Alhamisi tarehe sita. Akageuka kuondoka.

Nilikuwa ninaanza kusema aksanti. Mike alisimama nyuma yake, ameshika kigoda kwa mikono miwili kama mtu anayebeba sahani. Basi nikasema: "Daktari, mshipa wa juu ya mguu bado unapiga, damu inafika. Nimeushika kila asubuhi tangu nifike. Weka kidole chako." Akasema alikwisha kuona vya kutosha. Nikasema, "Umeona, hujashika. Kaa kidogo." Mike akaweka kigoda chini.

Hapo karatasi imeisha na mtu wa mtumbwi anayekuja huko anaondoka sasa. Alhamisi ni keshokutwa ya kesho.

Adèle


Lokandu, 8 Juni 2024

Shangazi!

Salamu kwa baba, kwa Bénie, kwa kitanda namba 8 hasa. Nimechanja watoto mia nne kumi na wawili. Wenyeji wamenipa samaki mkubwa kuliko kisanduku cha chanjo.

Barua yako imefika leo, Jumamosi. Mtumbwi uliharibika mashine ukalala njiani siku mbili. Alhamisi imepita. Mnara wa simu hapa umekufa tangu Jumanne. Nimepanda mpaka kwenye kilima na simu mkononi, nimeshuka, nimepanda tena. Kwa hiyo nakaa hapa ukingoni nikijua kwamba jambo limekwisha kutokea, na sijui lipi. Sijui ninayemwandikia ana miguu mingapi.

Alikaa? Aliweka kidole? Umewezaje kuishia hapo! Karatasi ya kununua haikuwepo Kindu nzima?

Nimewasomea wachanjaji wangu habari ya nzi watatu. Wamepiga kelele mpaka wavuvi wamekuja kuuliza kuna nini. Nikawasimulia na wavuvi. Sasa Lokandu nzima inasubiri mguu wako. Mwanamke mmoja ameniuliza mara mbili leo: "Mama wa sindano, munganga aliikala ao hapana?" Hata yeye anataka kujua kama daktari alikaa.

Ninafunga barua hii sasa, kuna mtumbwi unaopandisha. Lolote lililotokea, niandikie kwa idadi na tarehe. Usinifiche kitu.

Joëlle


Kindu, kitanda namba 7, 14 Juni 2024

Joëlle mwanangu,

Waambie watu wa Lokandu: alikaa.

Alikaa vibaya, kwenye kile cha waya, magoti yakagusa kidevu. Aliweka vidole viwili juu ya mguu, mahali nilipomwonyesha, akatazama saa yake dakika nzima. Odile alikuwa amekaa kitandani ameshika mshono wake asicheke. Kisha daktari akasema polepole: "Iko. Inapiga." Akaweka kidole kwenye mguu wa kulia, akalinganisha. Akaniuliza wekundu umepanda kiasi gani tangu Kalima. Hakuna aliyeijua habari hiyo isipokuwa mimi. Nilimwambia: haujapita kifundo, nilikuwa nikichora mstari kwa kalamu kila Jumapili. Akainamia, akaiona mistari. Ilikuwepo yote minne, wa mwisho na wa kwanza karibu inagusana.

Alibaki kwenye kigoda dakika kumi na nane. Mike alihesabu.

Alhamisi tarehe sita walikata vidole viwili na kusafisha. Si goti. Mguu upo. Umefungwa kitambaa, ni mbaya kutazama, nami nautazama mchana kutwa. Sukari leo mia moja sitini na moja. Sindano ya insulini najichoma mwenyewe. Mike ananitazama huku amekaa, na nikikosea ananiambia nianze upya. Kesho nitatembea mpaka mlangoni na kurudi. Odile ameapa atahesabu hatua kwa sauti.

Habari ya pili. Daktari Anaclet hakusubiri Julai. Jana alimwita baba yako, akamuuliza kama anajua fundi wa vigoda. Anataka ishirini na vinne: jengo la wanaume, la watoto, la wazazi. Vya miguu mirefu kidogo, alisema. Baba yako ameacha redio, anachora. Mguu mmoja wa kila kigoda anataka kuufunga waya, kwa mapambo. Mkataze.

Ya tatu, halafu nimemaliza. Leo asubuhi walibadilisha dawa ya kidonda. Mike akaja na chupa mpya. Hakuanza kuchanganya. Alikaa, akafungua fishi yangu, akasoma mstari wako wa juu kana kwamba hajawahi kuniuliza: "Mama Adèle, dawa gani iliwahi kukudhuru?"

Nikasema, "Mimi, hakuna."

Akashika kalamu aandike hakuna. Nikamwambia asubiri. Nikamwambia, "Kuna moja iliyomdhuru mtu aliyelala hapa. Kwenye fishi yake iliandikwa uongo. Nataka uandike jina lake. Habari ni ndefu, inaanza mwaka elfu mbili na mbili."

Alitazama chupa, akaiweka chini. Akavuta kigoda karibu, akafunga mdomo.

Shangazi yako,
Adèle